Kona ya Familia: Maua Yanayojipanda Yenyewe

Mwezi huu tunazungumza juu ya bustani ya shule. Tupande maua gani, wakati hakuna faranga za kununua mbegu kila mwaka?

Sisi tunasema: tuchague yale yanayodondosha mbegu na kuota tena yenyewe. Hapa Bujumbura mvua inakatika karibu na mwezi wa Juni, inarudi Septemba au Oktoba. Ua linakauka kiangazi, lakini mbegu inalala udongoni ikingoja mvua. Hivyo hatutoi maji ya kupikia tukamwagilia maua. Uzito wa bidoni tunaujua wote.

Ya kufaa ni kosmosi na zinia, asili yao Mexico, na zote zinapenda jua. Ongezeni lengalenga yenye vichwa vyekundu. Inapendeza macho, majani yake machanga ni mboga, na kichwa kimoja kinatoa mbegu nyingi sana.

Mengine tuyaache. Lile ua linalofunguka saa kumi jioni linajipanda vizuri, lakini mbegu zake nyeusi kama pilipili manga zina sumu, na watoto wadogo wanatia kila kitu mdomoni. Na mnanaha, wenye maua meupe kama tarumbeta na matunda ya miiba, ung'olewe kabisa. Unaweza kuua mtu.

Sasa, adui wa bustani hii ni ufagio na jembe. Zungushieni mawe, watoto wasifagie ndani. Maua yaliyokauka msiyang'oe mpaka mbegu zianguke. Mvua ikirudi, ngojeni majuma mawili matatu kabla ya kupalilia, na mwalimu awaonyeshe watoto upi ni mche na upi ni magugu.

Mbegu kidogo zifungwe kwenye karatasi, ziwekwe pakavu. Mtoto wa mkimbizi hajui mwaka kesho atasoma wapi: pengine kambi nyingine, pengine Uvira, pengine ng'ambo. Anayeondoka apewe karatasi yake ya mbegu. Anayefika katikati ya mwaka, ambaye bado hana rafiki, apewe mstari wake wa kutunza pamoja na mwenzake.

Mwenye mbegu nyumbani ampelekee mwalimu. Hata kijiko kimoja kinatosha kuanza. Tuonane mwezi ujao.