Kasa Si Samaki

Pwani ya Kilwa na Lindi, kitokacho baharini huweza kuitwa samaki tu: jodari, bunju, hata kasa. Sokoni jina hilo halimdhuru mtu. Mbele ya tabibu, laweza kugharimu uhai.

Kasa ni mtambaachi. Hupumua kwa mapafu, hutaga mayai mchangani, na ni jamaa wa kobe wa nchi kavu. Nyama yake huweza kuwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa, wala haina kiuasumu. Dalili zaweza kuchelewa siku kadhaa, na sumu hupita katika maziwa ya mama, hata mtoto anyonyaye akafa bila kuionja nyama. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula kasa.

Bunju ni samaki kweli, ila sumu yake hupooza misuli ya kupumua kwa saa chache. Jodari aliyekaa juani huleta wekundu na mwasho, ambao kwa kawaida hutulizwa kwa dawa za mzio.

Basi kuandika "alikula samaki" katika faili ni kuacha nusu ya habari. Mhudumu aulize: alikuwa na gamba mgongoni? Alivimba alipotolewa majini? Nani mwingine alikula, na yupi ananyonyesha? Hilo la mwisho lisisahauliwe kamwe. Mgonjwa naye asimfiche kasa kwa kuiogopa sheria inayokataza kumvua. Huenda nyumbani wamebaki wengine waliokula chungu kile kile.