Akishakatwa nywele, anaondoka na nini?

Masomo: Kumbukumbu la Torati 15:12-15, Hesabu 8:23-26, Yohana 13:1-17

Huenda umewahi kuwaona kwenye televisheni. Wanaume wawili wenye miili mikubwa, nywele zimefungwa fundo utosini, kiunoni wana mshipi mzito tu. Wanatupa chumvi ulingoni, wanachuchumaa, wanatazamana, kisha wanavaana. Baada ya sekunde chache mmoja yuko nje ya duara. Hiyo ndiyo sumo, mieleka ya asili ya Japani.

Unaowaona pale ni wachache waliofika juu. Sumo ina wanamieleka karibu 600, wamepangwa katika madaraja sita. Wanaolipwa mshahara ni wa madaraja mawili ya juu tu, na nafasi zao hazizidi 70. Wengine wote, zaidi ya 500, wanapewa chakula, mahali pa kulala na posho ndogo kila baada ya mashindano, ambayo hufanyika mara sita kwa mwaka. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mtu wa daraja la pili hupata yeni 1,100,000 kila mwezi. Aliye daraja la tatu, hatua moja tu chini yake, hupata yeni 165,000 kila baada ya miezi miwili. Hata ile chumvi kwa kawaida si yake kuitupa. Na walio chini zaidi yake hupigana asubuhi, viti vikiwa bado vitupu.

Leo nataka tumtafakari huyu wa chini. Na zaidi ya hapo, nataka tuitafakari siku yake ya kuondoka.

Wengi wao huingia kambini wakiwa na miaka 15, wametoka tu kumaliza elimu ya lazima. Tangu siku hiyo kambi ndiyo nyumba yao na mkuu wa kambi ndiye baba. Wanaamka kabla ya jua. Wa chini ndio wanaoanza mazoezi, wakubwa wanafuata baadaye. Mazoezi yakiisha, wadogo wanaingia jikoni kupika chanko, ule mchuzi mzito wa nyama, samaki na mboga unaowajenga miili. Wakubwa wanaoga kwanza na kula kwanza, wadogo wakiwa wamesimama nyuma yao wakiwapakulia. Kisha wadogo wanaoga, na wanakula kilichobaki. Mchana wanafua, wanafagia, wanatumwa dukani. Kila mkubwa ana kijana au vijana wa kumhudumia: kumbebea mizigo, kumfunga mshipi, kumsugua mgongo bafuni. Wakati wa baridi wale wa madaraja ya chini kabisa hutembea barabarani na kanzu nyepesi ya pamba na mitalawanda miguuni, maana koti ni heshima ya waliopanda.

Wengine huishi hivyo miaka mitatu, wengine kumi. Mmoja wao, aliyejulikana ulingoni kwa jina la Hanakaze, aliingia mwaka 1986 na kutoka Januari 2022, akiwa na umri wa miaka 51. Ni karibu miaka 36, na hakuwahi kupanda zaidi ya daraja la nne kutoka juu. Mwingine, Hattorizakura, alishindwa mara 89 mfululizo kabla ya kupata ushindi mwanzoni mwa 2019. Mara 89 aliinama, akashuka ulingoni, na zamu yake ilipofika akapanda tena.

Kisha siku inafika. Goti limekataa, au umri umesogea, au moyo umekubali kwamba mlango wa juu hautafunguka. Kwenye soka tungesema ametundika daluga. Kwenye sumo wanakata lile fundo la nywele. Aliyekuwa nyota hukatiwa katika ukumbi mkubwa wa Kokugikan jijini Tokyo, mamia ya wageni wakipanda mmoja mmoja kupunguza nywele chache kwa mkasi, na mkuu wa kambi akimalizia. Wa chini hukatiwa kwenye sherehe ya kambi, mbele ya wenzake, ndugu na wafadhili wachache. Mkasi unalia, machozi yanamtoka, picha inapigwa. Kesho yake ni raia kama raia wengine, mwili mkubwa, cheti cha shule ya kati, na magoti mabovu.

Ndugu msomaji, anaondoka na nini?

Waliofika juu na kudumu huko wanaweza kubaki kwenye chama cha sumo kama wazee, na majina ya wazee ni 105 tu. Wa chini hana sifa ya kuingia humo. Zipo nafasi chache, hazifiki hata 30, za watumishi wa kusimamia vijana na kubeba vifaa vya mashindano. Waliobaki wote wanatoka nje ya lango kwenda kuanza upya.

Na huko nje jambo la kushangaza hutokea. Kinachowapa wengi wao mkate si ngumi wala kifua. Ni ule utumishi wa chini waliouona kuwa ni aibu.

Kwanza, jiko. Aliyepika sufuria kubwa kila siku kwa miaka kumi ni mpishi, hata kama hakuna aliyempa cheti. Ndiyo maana mitaa ya Ryogoku, pale Tokyo penye ukumbi wa sumo, ina migahawa ya chanko iliyofunguliwa na wanamieleka wastaafu.

Pili, kuhudumia wazee. Japani ni nchi iliyozeeka. Karibu watu watatu kati ya kila kumi wana miaka 65 au zaidi. Nyumba za kulelea wazee zina njaa ya wafanyakazi. Baadhi ya wanamieleka wastaafu wameingia humo na wamefaa sana. Hebu fikiri: mtu mwenye nguvu za kumwinua mgonjwa kitandani bila kumtetemesha, na ambaye tangu utoto wake amefundishwa kumwogesha mwingine, kumvisha na kumngoja bila kunung'unika. Mkono uliosugua mgongo wa bingwa sasa unasugua mgongo wa bibi asiyeweza kusimama. Wengine husomea kukanda na kutibu viungo, wengine huendesha malori, wengine hulinda milango.

Sisi Wakristo tunapaswa kuwa wa mwisho kushangaa. Usiku ule kabla ya kusalitiwa, Bwana wetu alijifunga taulo kiunoni, akamimina maji kwenye bakuli na kuwaosha wanafunzi wake miguu. Ilikuwa kazi ya mtumwa. Petro aliona haya kwa niaba yake. Lakini Yesu alisema wazi kwamba amewaachia mfano ili nao wafanyiane hivyo. Mbele za Mungu hakuna utumishi wa chini unaopotea.

Kwa hiyo wewe uliyetumika miaka mingi bila kupanda, neno hili ni lako. Pengine umeimba kwaya miaka ishirini na hujawahi kupewa shairi la peke yako. Pengine umekuwa karani msaidizi hadi unakaribia kustaafu, na vijana uliowafundisha wamekupita. Unajiuliza kama miaka ile ilipotea bure. Usihesabu kwa ngazi ulizopanda. Hesabu kwa mikono yako: imejifunza kufanya nini, na ni nani anayeihitaji sasa? Walawi, kwa mujibu wa kitabu cha Hesabu, walitumika hemani tangu miaka 25 hadi 50, kisha wakapumzishwa kazi nzito. Hawakufukuzwa. Waliendelea kuwasaidia ndugu zao ndani ya hema. Mungu aliwapunguzia mzigo, akawaachia nafasi.

Lakini ningeishia hapo, ningekuwa nimekudanganya. Ni rahisi sana kwa aliyekaa juu kumwambia aliye chini kwamba utumishi wake una thawabu, huku yeye akiendelea kula kwanza. Sumo yenyewe ina jeraha hilo. Mwaka 2007 kijana wa miaka 17 alifariki baada ya kupigwa kambini kwa jina la mazoezi, na mkuu wa kambi akahukumiwa kifungo. Unyenyekevu ukilazimishwa kwa fimbo si unyenyekevu tena, ni uonevu. Yesu hakumlazimisha mtu kumwosha miguu. Aliinama yeye.

Ndiyo maana naipenda sheria ile ya Kumbukumbu la Torati, sura ya 15. Mwebrania akimtumikia Mwebrania mwenzake miaka sita, mwaka wa saba aachiwe huru. Musa hakuishia kusema aachiwe. Aliagiza kwamba bwana asimfungie mlango mtu huyo akiwa hana kitu mkononi, bali amtwike kutoka zizini mwake, kutoka uwanja wake wa kupuria nafaka na kutoka shinikizo lake la divai. Tazama vizuri vitu hivyo. Ni mali iliyopatikana kwa jasho la yule yule anayeondoka. Musa anamwambia bwana kwamba kiinua mgongo hicho si sadaka, ni haki. Kisha anamkumbusha kwamba yeye mwenyewe, kupitia wazee wake, alikuwa mtumwa Misri hadi Bwana alipomkomboa.

Niruhusu nitubu mbele yako. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati katika usharika mmoja ambao sitautaja. Tulikuwa na mzee mlinzi. Alilinda usiku, alipiga kengele alfajiri, alifagia kanisa, alichimba hata makaburi. Alipodhoofika tukakaa kikao. Hatukuwa tumemwekea akiba yoyote, maana siku zote tulisema anamtumikia Mungu. Tukaafikiana kumpa gunia la mchele, kitenge kwa mkewe, na kumwombea. Nilinyoosha mkono kukubali. Jumapili ile tulimpigia makofi mengi, naye akalia, tukadhani analia kwa furaha. Alirudi kijijini, na sikumbuki kwamba kuna mjumbe aliyepanda basi kwenda kumwangalia. Mimi sikupanda.

Mwezi huo huo tulikuwa tumechangishana kwa ajili ya kumuaga kiongozi aliyehamishwa. Ule mchango haukuhitaji kikao cha pili.

Sasa geuza macho nyumbani kwako. Yupo dada wa kazi aliyekuja akiwa binti mdogo, akawalea wanao watatu, na anayejua kuliko wewe ni yupi asiyekula maharage. Siku atakayosema anaondoka, utampa nini zaidi ya nauli na begi la nguo ulizochoka kuvaa? Je, umemwacha ajifunze cherehani? Ana akaunti yenye jina lake? Anajua kusoma vizuri zaidi kuliko siku aliyofika? Yupo kijana wa dukani kwako, yupo mwinjilisti wa mtaa anayetembea kwa miguu, yupo mpishi wa shule ya Jumapili. Hao ndio wanaopigana asubuhi, viti vikiwa vitupu.

Maandalizi ya kuondoka hayaanzi siku ya kuondoka. Kijana wa sumo aliyefundishwa jikoni vizuri anaweza kufungua mgahawa. Aliyechukuliwa kama mgongo wa kubebea mizigo tu hutoka na mgongo unaouma. Wote wawili walilala kambi moja na kula sufuria moja. Mara nyingi tofauti iko kwa mtu mmoja wa juu aliyemtazama yule kijana na kujiuliza: huyu, nikishamaliza kumtumia, ataishi vipi?

Juma hili nakuomba ufanye jambo moja tu. Mtaje kwa jina mtu mmoja anayekutumikia, au anayelitumikia kanisa lenu, bila cheo. Keti naye. Mwulize anatarajia kufanya nini akiondoka. Kisha anza kumtwika sasa, kidogo kidogo, kutoka zizini mwako: akiba ya kila mwezi hata ikiwa ndogo, ada ya ufundi, barua nzuri ya utambulisho, simu kwa rafiki mwenye nafasi ya kazi. Na kama ni mjumbe wa kamati, peleka hoja hiyo kikaoni kabla mlinzi wenu hajazeeka.

Na wewe ambaye nywele zako zinakatwa mwaka huu, unayekabidhi funguo, sare au kiti, usiogope. Aliyejifunga taulo anakufahamu. Alikuona ulipokuwa ukisugua sakafu na hapakuwa na mtazamaji.

Tuombe: Bwana Yesu, utusamehe kwa wale tuliowatumia na kuwasahau. Utupe macho ya kuwaona wangali karibu nasi, na mikono iliyo wazi siku wanapoondoka. Wale waliokwisha kuondoka mikono mitupu, utuonyeshe njia ya kuwafuata. Amina.

Jumapili njema.