Sindano ya Jicho Isiishie Njiani
Mkazi wa Mowlem, Nairobi, aliyezibwa mshipa wa retina huamka jicho moja limefifia, bila maumivu, akadhani ni uchovu. Kumbe damu imekwama, maji yamevuja na kuvimbisha kitovu cha retina. Upasuaji wa kuachanisha mishipa ulijaribiwa, ila manufaa yake hayakuthibitika. Kinachookoa macho mengi ni dawa inayodungwa ndani ya jicho, kwa kawaida kila mwezi mwanzoni. Sindano ya kwanza huleta nafuu, pesa za ya pili zikakosekana, uvimbe ukarudi.

Bevacizumab, dawa ya saratani yenye bei nafuu, ilithibitika katika utafiti wa SCORE2 nchini Marekani, 2017, kuwa haipitwi na aflibercept ya bei ghali baada ya miezi 6. Wapo wanaohofia kwamba kuigawa chupa moja ya dawa hiyo kwa wagonjwa wengi huleta maambukizi. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana tunahitaji famasia zenye vyumba safi. Wengine husema tuanze na kupima presha, inayochangia mishipa hiyo kuziba. Ipimwe, tena katika kila zahanati, lakini ambaye mshipa umeshaziba hana muda wa kungoja. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) igharimie kozi nzima ya sindano, na Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, iliyo jirani, iwezeshwe kuitoa.