Orodha ya Ukutani

Katika hosteli tunamoishi hapa Mbarara, rafiki yangu amebandika ukutani orodha ya maadui wa Star Trek. Wa kwanza Borg, wa pili watu wa Cardassia, wa tatu watu wa Romulus. Waklingon wako mwisho, na kando yao pameandikwa "walitubu". Wenzangu hubishana juu ya nafasi hizo mpaka umeme ukatike. Mimi napinga orodha nzima.

Nimekulia Nakivale. Kwenye kibanda cha video pale Base Camp tulijua aina mbili tu za watu: steringi na adui. Adui alijulikana kwa alichokifanya. Kaua baba wa steringi, basi, huyo ndiye. Kabila lake halikutuhusu. Maneno ya kabila tuliyasikia ya kutosha kwenye foleni ya maji, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali sote tukiwa na madumu yetu.

Hawa wasomi wa hosteli wanapanga watu kwa uzao. Waklingon walikuwa maadui katika ile tamthilia ya kwanza ya miaka ya 1960. Mwaka 1987 akaja Worf, Mklingon, afisa katika chombo cha Enterprise. Wazazi wake waliuawa akiwa mtoto, akalelewa na wanadamu. Yatima wa vita huyo alitubu nini?

Na Borg? Hao ni watu waliotekwa. Seven of Nine alichukuliwa akiwa mtoto mdogo, pamoja na wazazi wake. Sisi wa Kongo Mashariki tunawajua watoto waliopelekwa msituni wakapewa bunduki. Nao tuwape namba moja?

Wataniambia kwamba watu wa Cardassia waliikalia Bajor kwa mabavu na kujenga kambi za kazi za kulazimishwa. Kweli, na mimi sisemi wasamehewe. Ila tazameni "Duet", ya mwaka 1993. Mtu anakamatwa, kisha anadhaniwa ni mkuu wa kambi ya Gallitep. Kumbe alikuwa karani tu. Amejisingizia ukubwa ili ashitakiwe, nchi yake ilazimike kukiri. Kira, aliyepigania Bajor mwenyewe, anamwachia huru. Hawajafika mbali, mtu wa Bajor anamchoma kisu. Sababu yake? Kwamba ni wa Cardassia. Muuaji huyo alikuwa na orodha kama ya rafiki yangu, kichwani.

Juzi nilichukua kalamu nikayakata mataifa yote. Namba moja nikaandika Dukat, kwa aliyoyatenda mwenyewe akiitawala Bajor. Namba mbili nikamwandika Winn, kiongozi wa dini wa Bajor, aliyekuwa tayari kumwaga damu ili apate cheo. Rafiki yangu akapandwa na hasira: "Huyo si ni wa upande wetu?"

Namba tatu bado tunaibishania.