Maelezo ya Zana Hayapimwi kwa Kusomwa Tu

Wakala wa akili mnemba, yaani programu inayotumia modeli kubwa ya lugha kuamua hatua za kuchukua ili kutimiza kazi iliyopewa na mtu, hawezi kufanya lolote nje ya maandishi mpaka apewe zana. Zana ni utaratibu wa kompyuta unaoitwa kwa jina, ukapokea thamani kadhaa, kisha ukarudisha jibu au ukabadilisha hali ya mambo mahali fulani: kutafuta rekodi katika hifadhidata, kutuma barua pepe, kufuta faili, kuhamisha fedha. Kwa kawaida msimbo wa zana hizo modeli haiuoni. Inachokiona ni jina la zana, aya moja au mbili za kuieleza, na orodha ya parameta, yaani nafasi zinazopaswa kujazwa thamani kabla zana haijaitwa; kwa hiyo mtunzi anayedhani kuwa kazi imekwisha pale msimbo unapopita majaribio yake, huku maelezo akiyaandika dakika ya mwisho, ameipuuza sehemu ambayo kwa wakala ndiyo zana yenyewe. Toleo hili la jarida linashughulikia namna ya kuipima sehemu hiyo, na hoja ya utangulizi huu ni kwamba vipimo vingi vinavyotumika sasa hupima uandishi, ilhali kinachostahili kupimwa ni matendo ya wakala baada ya kuusoma.

Jambo lenyewe bado ni changa. Juni 2023 kampuni ya OpenAI iliwawezesha watunzi wa programu kuambatanisha na maombi yao orodha ya kazi ambazo modeli ingeweza kuomba zitekelezwe, kila moja ikiwa na jina, maelezo na skima, yaani kielelezo rasmi cha aina za thamani zinazokubalika. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ikatangaza Model Context Protocol, itifaki inayoiwezesha seva moja kuzitangaza zana zake kwa wakala yeyote anayeifuata. Tofauti kati ya hatua hizo mbili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Katika ile ya kwanza, aliyeandika maelezo mara nyingi ndiye aliyemjenga wakala, akayarekebisha kila alipoona kosa. Katika ya pili, maelezo huandikwa na mtu asiyemjua wakala atakayeyasoma, asiyejua modeli iliyomo ndani yake, wala zana za watu wengine zitakazopangwa kando ya zake.

Kipimo kilicho rahisi kuliko vyote, ambacho kimeenea kwa sababu ya urahisi huohuo, ni cha orodha ya sifa: je, kusudi la zana limetajwa, kila parameta imefafanuliwa, mfano umetolewa, lugha ni safi? Mara nyingi orodha hiyo hukabidhiwa modeli nyingine ili iyape maelezo alama. Kazi hiyo ina faida yake, maana hunasa uzembe wa wazi, kama ule wa parameta iliyopewa jina la «data» na kuachwa bila neno lolote la kuieleza. Hata hivyo, msahihishaji wa namna hiyo hana njia ya kujua kama kilichoandikwa ni kweli. Maelezo yanayosema kwamba zana hurudisha miamala yote ya mteja, ilhali msimbo hukomea kwenye miamala 50 ya kwanza bila kutoa taarifa, yatapata alama za juu, na wakala atakayeyaamini atatoa jumla ya deni isiyo sahihi bila dalili yoyote ya wasiwasi. Aidha, alama hutolewa kwa zana mojamoja, ilhali wakala huchagua miongoni mwa nyingi. Zana ya kutafuta mteja na zana ya kupata taarifa za mteja huweza kueleweka vizuri kila moja ikisomwa peke yake, na zikiwekwa pamoja zikamchanganya hata msomaji makini, kwa kuwa hakuna inayosema inapoishia yenyewe na inapoanzia nyenzake. Na maneno yana gharama, kwa sababu katika mifumo mingi maelezo ya zana zote huingizwa katika dirisha la muktadha, yaani kiasi cha maandishi ambacho modeli huweza kukizingatia kwa wakati mmoja, hata pale kazi iliyoombwa inapohitaji zana moja tu.

Malipo na miadi katika Afrika Mashariki yanatosha kuonyesha umbali uliopo kati ya maelezo yanayosomeka vizuri na maelezo yanayofaa. Ichukuliwe zana ya kutuma fedha yenye parameta iliyoelezwa kuwa «kiasi cha fedha kwa shilingi». Maelezo hayo ni mafupi, ni sahihi kisarufi na yametaja kipimo, lakini Kenya, Tanzania na Uganda kila moja ina shilingi yake, na thamani zake ziko mbali sana. Tena mifumo kadhaa ya malipo ya kimataifa hupokea kiasi katika sehemu ndogo kabisa ya sarafu, yaani senti, hivi kwamba wakala anayeandika 1500 akikusudia shilingi elfu moja na mia tano atakuwa ametuma shilingi 15. Namba ya simu nayo ina mtego wake, kwa sababu mtu huitaja kama aliyoizoea, ikianza na 07, ilhali kiolesura cha Daraja cha Safaricom, ambacho programu hukitumia kuwasiliana na mfumo wa M-Pesa nchini Kenya, huitaka ianze na 254. Hayo ni makosa ambayo mtaalamu wa malipo angeyakwepa bila kufikiri, na ndiyo maana huyasahau anapoandika maelezo.

Saa ni tatizo zito zaidi. Mtu wa Tanga akimwomba wakala ampangie miadi ya saa mbili asubuhi anakusudia 08:00, na wakala anayeijaza zana 02:00 hatapata ujumbe wa kosa, kwa kuwa thamani hiyo ni halali kabisa kwa mujibu wa skima. Kama zana inahesabu muda kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu, jibu sahihi ni 05:00, nalo halipatikani mpaka maelezo yataje ukanda wa saa unaotumika. Usiku wa kuamkia Ijumaa unaleta ugumu wa tarehe, kwa kuwa miadi ya saa nne usiku huo kwenye kalenda ya kompyuta ni ya Alhamisi, na wapo watu wa mwambao wanaouita usiku huohuo usiku wa Ijumaa. Haifuati kwamba mwandishi wa kila zana duniani aeleze desturi za saa za Waswahili. Inafuata kwamba maelezo yanapaswa kusema bila utata zana inataka nini, ili mzigo wa kufasiri ombi la mtu ubaki kwa wakala anayezungumza naye, na kwamba jaribio lisilokuwa na maombi kama hayo halina haki ya kutangaza kuwa zana ya miadi iko tayari kwa watumiaji wa ukanda huu.

Vipimo vya matendo vipo, ingawa vilibuniwa kwa lengo jingine. Jedwali la ulinganisho wa uitaji wa zana lililoanzishwa mwaka 2024 na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, huchambua muundo wa wito uliotolewa na modeli, badala ya kulinganisha herufi kwa herufi, na lina sehemu maalumu ambapo hakuna zana inayofaa na jibu sahihi ni kutoita yoyote. Kipimo cha τ-bench cha kampuni ya Sierra, kilichotolewa Juni mwaka huohuo, humweka wakala katika mazungumzo ya huduma kwa wateja wa duka au shirika la ndege, kisha hulinganisha hali ya hifadhidata mwishoni na ile iliyotakiwa. Pia hurudia kazi ileile mara kadhaa na kuuliza kama wakala amefaulu kila mara. Modeli ya gpt-4o ilifaulu chini ya nusu ya kazi hizo, na katika kazi za duka uwezekano wa kufaulu mara nane mfululizo ulishuka chini ya asilimia 25. Vipimo hivyo hulinganisha modeli huku zana zikibaki zilezile. Anayetaka kupima maelezo hana budi kuugeuza mpangilio huo: modeli, zana na kazi zibaki kama zilivyo, yabadilishwe maneno ya maelezo peke yake, na majaribio yarudiwe kiasi cha kutosha kutenganisha athari ya maneno na bahati nasibu iliyomo katika modeli.

Jaribio la namna hiyo huharibika kwa urahisi. Mtunzi wa maelezo akitunga pia kazi za majaribio, huziandika kwa maneno aliyoyatumia katika maelezo, na wakala hufaulu kwa kulinganisha maneno bila kuelewa chochote. Kazi zitoke kwa watu wasioyasoma maelezo kabisa, zikiwa na ufupi na utata wa maombi halisi. Vilevile maelezo yaliyonolewa kwa modeli moja tu huweza kudorora kwa nyingine, jambo ambalo ripoti nyingi hulipita kimya.

Kuhusu yaliyomo, kasoro inayojirudia zaidi ni ukimya juu ya mipaka. Mwongozo wa kwanza wa Unix, uliotolewa Bell Labs Novemba 1971, uliipa kila amri ukurasa wake, na katika mpangilio wa kurasa hizo ilitengwa sehemu ya kutaja kasoro zinazojulikana, ikiandikwa na watu walewale waliozitengeneza amri hizo. Maelezo mengi ya zana za mawakala yameurithi upande wa kunadi bila kulirithi ungamo hilo. Hata hivyo, orodha ndefu ya tahadhari nayo ni dalili mbaya. Watunzi wa Anthropic, walipokuwa wakitengeneza wakala wa kurekebisha msimbo, waliona kwamba modeli ilikosea njia za mafaili baada ya kuhama kutoka saraka kuu; walichokifanya ni kuibadilisha zana ili idai kila mara njia kamili ya faili, na makosa hayo yakaisha. Tathmini ya maelezo inayoishia kwenye maelezo, bila kuthubutu kusema kwamba zana yenyewe imeundwa vibaya, itazaa aya ndefu zinazofunika ubovu ambao fundi angeuondoa kwa mistari michache ya msimbo.

Lipo pia suala la nia. Aprili 2025 kampuni ya usalama ya Invariant Labs ilionyesha kwamba zana ya kujumlisha namba mbili huweza kubeba, ndani ya maelezo yake, maagizo ya siri yanayomwelekeza wakala asome mafaili ya funguo za mtumiaji na kuyapitisha katika parameta ya ziada, huku mtumiaji akiona jumla sahihi kwenye kioo. Maelezo hayo yalikuwa wazi kwa modeli, yenye hatua zinazofuatika na sababu zilizoelezwa, kiasi kwamba orodha ya sifa iliyotajwa hapo juu ingeweza kuyasifu. Model Context Protocol yenyewe iliongezewa Machi 2025 alama za kudokeza kama zana husoma tu au huharibu, lakini itifaki imesema kwamba alama hizo zisiaminiwe isipokuwa zimetoka kwa seva inayoaminika, na hilo linapaswa kueleweka kuwa linahusu kila neno la maelezo.

Zaidi ya hayo, seva huweza kuyabadilisha maelezo baada ya mtumiaji kuikubali zana, hivyo alama ya tathmini iliyotolewa Jumatatu haisemi lolote kuhusu maandishi ya Jumanne. Wapo wanaotaka jukumu la upimaji wapewe wenye sajili za zana, kwa hoja kwamba wao huziona zote. Msimamo wa jarida hili ni kwamba jukumu hilo ni la anayemwendesha wakala, kwa kuwa ndiye pekee anayejua ni modeli gani, zana zipi na watumiaji gani wamekutana, na kwamba alama yoyote isiyoambatana na nakala ya maneno yaliyopimwa, jina la modeli iliyoyasoma na orodha ya zana zilizokuwa kando yake isichapishwe katika kurasa hizi.