Amani Penye Machozi



Mama mmoja wa Karatu amenieleza jambo ambalo limenikaa moyoni. Huu ni mwaka wa pili tangu amzike mwanawe wa kwanza. Ibada hakosi, kwaya hakosi, lakini usiku taa ikizimwa machozi humtoka. Wenzake wa kikundi wamemwambia kuwa mama aliyeokoka halii muda mrefu hivyo, kwamba huko ni kumnung'unikia Mungu. "Je," aliniuliza, "nimepoteza imani?"

La hasha, mama! Hebu kwanza twende pamoja hapo Rhotia, jirani na kwako.

Njia ile tunaijua wengi. Ukitoka Mto wa Mbu unapanda ukuta wa Bonde la Ufa, Ziwa Manyara linabaki chini, kisha mashamba ya Rhotia, halafu Karatu, na mbele yake lango la Ngorongoro. Jumamosi tarehe 6 Mei 2017, basi dogo la wanafunzi wa darasa la saba wa shule ya msingi Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni hapo Rhotia. Walikuwa wakienda Karatu kufanya mtihani na wenzao. Walikufa watu 35: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Jumatatu yake majeneza yalipangwa katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, naye Samia Suluhu Hassan, wakati ule Makamu wa Rais, akaongoza kuwaaga.

Yeyote aliyewahi kumwamsha mtoto alfajiri aende kwenye mtihani anaijua asubuhi ile. Unampa chai, unamwangalia kola, unamwombea kwa haraka mlangoni.

Watoto watatu walinusurika. Wamarekani waliokuwa wakipita barabarani walisaidia kuwaokoa, na baadaye watoto hao wakapelekwa kutibiwa Sioux City huko Iowa. Walirudi nyumbani Agosti mwaka ule ule. Tulimshukuru Mungu, na tulifanya vema. Lakini wako waliosema kwamba hao watatu waliombewa na wazazi wenye imani. Maneno hayo siyakubali hata kidogo. Anayeyasema na aende akayaseme mbele ya mama ambaye sare ya mwanawe ilibaki kwenye kamba.

Bwana wetu alipofika Bethania alijua kwamba muda si mrefu Lazaro atatoka kaburini. Hata hivyo alilia. Tena soma habari za Rizpa binti Aya katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 21. Mama yule alitandika gunia juu ya mwamba, akawalinda wanawe waliouawa, mchana akifukuza ndege na usiku akifukuza wanyama, tangu mwanzo wa mavuno hadi mvua iliponyesha. Sijaona mahali Maandiko yanapomkemea. Mfalme Daudi aliposikia, alitoa amri mifupa ikusanywe.

Mimi nilipofiwa na mdogo wangu nilikaa miezi bila kuweza kusali. Nilifungua Biblia nikaona wino tu. Aliyenisaidia hakuwa mhubiri. Alikuwa jirani aliyekuja kila Alhamisi na ungo wake, akakaa nami jikoni tukachambua maharage. Hakunihubiria. Akiinuka kuondoka aliomba sentensi moja, akamtaja mdogo wangu kwa jina, akaenda zake. Sijui ni Alhamisi ya ngapi nilipojikuta nimesema "Amina" kwa sauti. Machozi hayakuwa yameisha, na hata leo huja. Lakini usiku ule nililala.

Kwa hiyo, mama, usijilazimishe sala ndefu. Machozi yakija, mtaje mwanao mbele za Mungu, basi. Na usimdhanie mumeo kuwa amesahau kwa sababu yeye hukimbilia shambani. Wanaume wengi hulilia huko. Siku moja mfuate na chai, mkae chini ya mti, mmzungumzie mtoto wenu.

Nanyi dada zangu wa kikundi, mnaijua tarehe aliyozaliwa mtoto yule? Muulizeni mama yake. Siku hiyo ikifika nendeni kwake mapema, na mchukue ungo.