Huria, ila bando ni lako

Najua nimepotea wiki mbili, na hapana, sikuwa nasomea mitihani kama nilivyomwambia mama kwenye simu. Nilikuwa napika OpenBMC kwenye laptopu yangu. Nasema kupika kwa sababu programu inayofanya kazi hiyo inaitwa BitBake, na faili za maelekezo yake wenyewe wanaziita mapishi.

Kwa mnaosoma sheria na biashara: kila seva ya maana ina kakompyuta kengine ndani yake, kanaitwa BMC. Mara nyingi kana tundu lake la mtandao, na kako macho hata seva ikizimwa, ilimradi waya wa umeme umechomekwa. Anayekashika anaweza kuwasha seva, kuizima, hata kuipakia mfumo mwingine, naye yuko kitandani kwake. Sasa programu inayokaa humo, yaani famwea, kwa seva nyingi huruhusiwi kuisoma. Machi 2025 ilitangazwa kasoro kwenye MegaRAC, famwea ya kampuni ya AMI ambayo watengeneza seva kadhaa wanaitumia: mtu anaingia bila nywila halali. Hatari yake ilipewa 10 kati ya 10. Juni mwaka huohuo CISA, wakala wa usalama wa mtandao wa Marekani, wakaiweka kwenye orodha ya kasoro ambazo tayari zinatumika kushambulia.

OpenBMC ni famwea ya kazi hiyohiyo, ila chanzo chake kiko wazi. Tangu 2018 iko chini ya Linux Foundation, na Facebook, Google, IBM, Intel na Microsoft walikuwemo tangu hapo. Sisemi haina kasoro. Januari 2019 ilitangazwa kasoro ya chipu za ASPEED, na OpenBMC nayo ikaguswa. Lakini marekebisho yake mtu yeyote aliweza kuyasoma na kukompaili mwenyewe.

Mtu yeyote? Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanza.

Kwenye maandishi ni rahisi mno. Unavuta chanzo kwa git, unaandika `. setup romulus` (Romulus ni aina ya mashine), kisha `bitbake obmc-phosphor-image`, unakwenda kunywa chai. Mimi nilikunywa chai siku tatu. BitBake haitosheki na kompaila ya Ubuntu yako, inajijengea yake, na inavuta vyanzo vya kila kitu kutoka pande zote za dunia. Keneli inavutwa kwa git, na git ikikatika katikati haiendelei ilipoishia, inaanza moja. Bando langu liliisha mara mbili palepale kwenye keneli. Nusu nilie.

Usiku wa pili nikaona `Killed`. Memori yangu ni GB 8, nyuzi nane za C++ zinakompailiwa kwa pamoja, keneli ya laptopu ikaamua kuua. Dawa: fungua conf/local.conf, weka `BB_NUMBER_THREADS = "2"` na `PARALLEL_MAKE = "-j 2"`. Polepole, lakini inafika. Folda ikafika GB 50 na ushee. Kilichotoka mwishoni? Faili moja ya MB 32! Nikaiwasha kwenye QEMU, nikaingia kama root, nywila ikakataa, nikakataliwa tena... kumbe `0penBmc` inaanza na sifuri, siyo herufi O. Teh teh.

Rafiki yangu wa chumba ananiambia, kaka si ungepakua iliyokwisha pikwa? Ningeweza. Lakini basi nimerudi kulekule, namwamini mtu aliyenipikia. Kama lengo ni kujua nini kiko ndani, lazima nipike mwenyewe, na kama kupika kunataka bumu la mwezi mzima, hiyo huria ni ya wenye nyaya nene za intaneti.

Maoni yangu ni haya: idara ichukue mashine moja, hata ya zamani yenye diski kubwa, iweke ile folda ya downloads ya BitBake kwenye mtandao wa ndani. Kila mwanafunzi anaelekeza mashine yake pale, havuti tena Ulaya na Marekani. Na hapa imani haiharibiki, kwa sababu mapishi yenyewe yana alama ya ukaguzi ya kila furushi na namba ya toleo la git. Mtu akichezea chanzo njiani, BitBake inagoma. Vitu vilivyokwisha kompailiwa (sstate) ndivyo nisingeshiriki, hapo mngekuwa mnaniamini mimi, na mimi ndiye niliyeshindwa kuandika sifuri.

Barua ya kwenda kwa mkuu wa idara nimeshaiandika, ina sahihi nne, mbili za chumba chetu. Wakati tunasubiri jibu, folda yangu ipo. Njoo na diski yako jioni baada ya saa mbili, umeme ukiwepo.